Siku 381 za Mji wa Montgomery: Hotuba Iliyosomwa Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Baada ya kusomwa taarifa ya mwaka na hesabu za fedha, Halmashauri ilitutaka tuongeze maneno machache juu ya watu wengine waliodai haki yao. Tumechagua habari za mji mmoja wa Marekani uitwao Montgomery, ulio makao makuu ya jimbo la Alabama. Huko watu weusi waligomea mabasi tangu tarehe 5 Desemba 1955 hata tarehe 20 Desemba 1956, yaani siku 381.

Wengi wetu tunalijua jina la Mchungaji Martin Luther King, na tumezoea kudhani kwamba mambo yale yalitendeka kwa nguvu ya hotuba zake. Hotuba zake zilikuwa nzuri mno, wala hatuzipunguzii heshima. Lakini sisi tunaoshika kalamu ya chama, tulipozichungua habari hizo, tuliona pia vitu vingine: madaftari, ratiba za motokaa, vikao vya halmashauri vilivyokwisha usiku wa manane, na akina mama wakiuza keki. Na mwaka huu, kama wanachama wajuavyo, swali moja liliulizwa mara nyingi katika mikutano yetu: ada hii ya kila mwezi yasaidia nini, na chama chenye kazi ya kuzika maiti na kulipia watoto karo kinahusika wapi na mambo makubwa ya haki? Hatukusudii kulijibu kwa ubishi. Tutaeleza yaliyotokea Montgomery, na kila mtu apime mwenyewe.

Wala watu hao si wa mbali kabisa nasi. Mwaka 1959 Tom Mboya alipozuru Marekani alipokewa na Mchungaji King katika mji wa Atlanta, na mwaka ule ule vijana 81 wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, walipanda ndege moja kwenda kusoma katika vyuo vya nchi hiyo.

Sasa yafaa ieleweke jinsi mabasi yale yalivyokuwa. Viti kumi vya mbele viliwekwa kwa ajili ya wazungu, hata kama hakuna mzungu hata mmoja ndani ya basi. Mtu mweusi alisimama amevishika vyuma huku viti vitupu vikimtazama. Na viti vya mbele vilipojaa, dereva aliweza kuwaamuru weusi walioketi nyuma yake waondoke, tena waondoke safu nzima, maana haikuruhusiwa mzungu na mweusi kuketi safu moja. Nauli ililipwa kwa mlango wa mbele. Kisha mara nyingi abiria mweusi aliambiwa ashuke, azunguke, apande kwa mlango wa nyuma. Ilitokea dereva akatia moto gari na kuondoka kabla huyo aliyekwisha kulipa hajaufikia mlango. Madereva wote walikuwa wazungu, na sheria ya mji iliwapa ndani ya mabasi mamlaka kama ya polisi. Nao watu weusi walikuwa karibu robo tatu ya abiria wote. Kampuni ilikula senti zao, kisha ikawaondoa vitini.

Wanawake ndio waliotangulia kulishughulikia jambo hili. Mwaka 1946 mwalimu mmoja wa chuo, Mary Fair Burks, alianzisha Baraza la Siasa la Wanawake. Mwaka 1949 alifika mjini mwalimu mwingine, Jo Ann Robinson, kufundisha Kiingereza katika chuo kikuu cha watu weusi. Mwaka huo huo, akienda zake likizo ya Krismasi, aliketi kwenye kiti cha mbele katika basi lililokuwa karibu tupu, na dereva akamkemea kama amkemeaye mbwa, akashuka akilia. Tangu siku hiyo hakulisahau. Tarehe 21 Mei 1954, akiwa rais wa Baraza lile, alimwandikia barua Meya wa mji, Bwana W. A. Gayle. Barua ilikuwa ya adabu. Ilimkumbusha Meya kwamba mabasi hayawezi kuendelea bila abiria weusi, ikamjulisha kwamba vyama zaidi ya 25 vinafikiri juu ya kuyagomea. Angalieni tarehe, ndugu zangu: ilikuwa mwaka mmoja na nusu kabla ya mgomo. Kwa hiyo wale waliosema baadaye kwamba mgomo uliwazukia watu ghafula kama mvua ya kiangazi hawakusoma majalada.

Tarehe 2 Machi 1955 msichana wa shule mwenye umri wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kuondoka kitini. Polisi walimkokota, wakamfunga pingu, wakampeleka gerezani. Viongozi walikutana, wakazungumza, wakatazama kama kesi yake yafaa kupiganiwa hadi mwisho. Wakaona haifai. Walisema yu mdogo mno, ana hasira za haraka, ametoka mtaa wa watu maskini. Na baadaye ikajulikana ana mimba. Wazee watuwie radhi tukisema kwamba sababu zile zinaeleweka na hata hivyo haziturudhishi. Mtoto yule alitenda miezi tisa kabla ya mtu mzima kutenda, akaachwa arudi shuleni peke yake kukabili maneno ya wenzake.

Mtu mzima aliyefuata ni Rosa Parks. Siku ya Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955, akitoka kazini katika duka kubwa alikokuwa akishona na kurekebisha nguo, aliamriwa na dereva aondoke katika safu yake pamoja na wengine watatu. Wale watatu waliondoka. Yeye hakuondoka. Alikuwa na umri wa miaka 42. Watu hupenda kusimulia kwamba miguu yake ilikuwa imechoka. Mwenyewe alilikanusha neno hilo katika miaka ya baadaye, akasema kilichomchosha ni kukubali kuonewa. Tena jambo lisilosimuliwa sana ni hili: tangu mwaka 1943 alikuwa katibu wa tawi la mji huo la chama cha NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiandika malalamiko ya watu waliopigwa, waliotukanwa, na waliohukumiwa kwa uongo. Aliyeketi kitini siku ile ni katibu aliyeyajua majalada yote yaliyofungwa bila haki.

Aliyekwenda kumtoa kwa dhamana ni Bwana E. D. Nixon, aliyekuwa mtumishi wa mabehewa ya kulala katika gari la moshi na kiongozi katika chama cha wafanyakazi wenzake. Habari zilipomfikia Jo Ann Robinson usiku ule, hakungoja mkutano. Aliandika tangazo fupi la kuwaomba watu wote wasipande mabasi siku ya Jumatatu. Akapata msaada wa mwalimu mwenzake aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha mashine, na wanafunzi wawili, wakaenda chuoni usiku wa manane. Wakakata stensili, tangazo likirudiwa mara tatu katika ukurasa mmoja ili karatasi itoshe, wakazungusha mashine, wakakata karatasi vipande vitatu vitatu, wakafunga mafungu. Kulipopambazuka walikuwa na makumi elfu ya matangazo. Mama yule aliingia darasani asubuhi akafundisha, kisha akatoka na wanafunzi wake kuyapeleka mafungu mashuleni, madukani na katika vyumba vya vinyozi.

Chuo kile kilitegemea fedha za serikali ya jimbo, na serikali ikijua karatasi zimetoka wapi, walimu wangalifukuzwa. Kwa hiyo tangazo halikuwa na jina la mtu. Mkuu wa chuo alipomwita, Jo Ann Robinson alimwahidi kwamba Baraza la Wanawake litalipa gharama za karatasi zilizotumika. Sisi makarani tunalisoma jambo hili kwa furaha. Katika usiku wa hatari kama ule mtu bado alikumbuka kwamba karatasi ni mali ya ofisi.

Lilitokea pia jambo la kuchekesha. Tangazo moja lilifika kwa wenye gazeti kubwa la mji, nalo likachapa habari hiyo siku ya Jumapili. Wazungu wakapata kujua; lakini na weusi ambao hawakuwa wamepata karatasi wakapata kujua vile vile, bila gharama.

Jumatatu asubuhi mabasi yalipita matupu. Rosa Parks alihukumiwa kulipa faini ya dola 10 na gharama za korti dola 4. Alasiri viongozi wakaunda chama kipya cha kuongoza mgomo, wakakiita Chama cha Maendeleo cha Montgomery, jina ambalo masikio yetu hayataliona geni. Rais akachaguliwa Mchungaji King, kijana wa miaka 26, ambaye hakuwa amekaa mjini muda wa kutosha kupata maadui. Jioni maelfu walijaa katika kanisa la mtaa wa Holt, wengine wakasikiliza vipaza sauti barabarani, wakaamua kuendelea.

Madai yao ya kwanza, wazee mtashangaa, yalikuwa madogo. Walitaka madereva wawe na adabu. Watu waketi kwa zamu ya kufika, weusi wakianzia nyuma na wazungu wakianzia mbele. Na madereva weusi waajiriwe katika njia zinazotumiwa na weusi. Hawakudai bado sheria ya ubaguzi ifutwe. Wakuu wa mji wakakataa hata hayo, na kwa kukataa kwao wakawafundisha watu kudai yote.

Basi ikawa kazi ya kila siku: namna ya kuwafikisha makumi elfu ya watu kazini na kuwarudisha nyumbani. Mwanzoni teksi za watu weusi ziliwachukua kwa senti kumi, nauli ile ile ya basi. Wakuu wa mji wakafukua sheria ya kuwalazimisha watoze senti 45. Hapo Mchungaji King akampigia simu Mchungaji T. J. Jemison wa mji wa Baton Rouge, katika jimbo la Louisiana, ambako watu waligomea mabasi mwezi Juni 1953, akaulizwa jinsi walivyogawana motokaa zao. Mashauri yale yalitolewa bure. Usiku ule ule mkutanoni watu wakaombwa watoe magari, na halmashauri ya usafiri, chini ya Bwana Rufus Lewis, ikaanza kupanga. Yalipatikana magari kama 300. Vikawekwa vituo zaidi ya 40 vya kuchukulia watu asubuhi, na vituo vya kuwarudisha jioni, na mahali pa kukusanyikia katikati ya mji. Makanisa yakanunua motokaa kubwa, kila moja ikiandikwa ubavuni jina la kanisa. Kazi ya namna hii haina sifa. Mtu akichelewa kazini humlaumu mpangaji. Akifika mapema hamkumbuki.

Wako wazungu waliosaidia, wachache kwa moyo, kama Mchungaji Robert Graetz aliyekuwa na kanisa la waumini weusi, na wengine kwa haja zao. Mabibi wa kizungu waliwaendea wapishi wao kwa motokaa, maana nyumba hazikuendeshwa bila wao. Meya akawakaripia. Wakaendelea.

Adui alipoona hivyo, aliigeukia bima. Bima za magari ya makanisa zilifutwa mara kwa mara, na gari lisilo na bima halitembei kwa halali. Mwisho wakala mmoja mweusi wa Atlanta, Bwana T. M. Alexander, akawatafutia bima kwa wenye bima wa Lloyd's, London. Polisi nao waliwasimamisha madereva kwa makosa madogo madogo. Mwezi Januari 1956 Mchungaji King mwenyewe alitiwa ndani kwa kwenda maili 30 kwa saa mahali pa maili 25.

Yote hayo yalitaka fedha, na hapa tunaomba wanachama watuvumilie, maana ndipo penye jambo letu. Petroli, matengenezo, mishahara ya madereva, faini, mawakili: vyote vililipwa kwa michango. Kila wiki ilifanywa mikutano makanisani na sahani ikapitishwa, na wale waliotia senti zao ni wapishi, wafuaji na watunza bustani. Baadaye barua zenye fedha zilikuja kutoka miji mingine na ng'ambo. Fedha zikazidi, na manung'uniko yakazidi nazo. Mwezi Juni 1956 katibu wa kumbukumbu wa chama, Mchungaji U. J. Fields, baada ya kuondolewa katika kazi yake, alitoka mbele ya magazeti akasema viongozi wanazitumia fedha kwa manufaa yao. Hebu fikirini habari hiyo ilivyowapendeza waliotaka mgomo ufe! Mchungaji King alikuwa mapumzikoni California. Akakatiza mapumziko, akarudi. Kabla wiki mbili hazijaisha Fields alisimama mkutanoni mbele ya watu, akayafuta maneno yake, akaomba radhi. Kanisa lilikuwa na hasira; King aliwasihi wamsamehe.

Sisi tunaona kwamba siku ile chama kilikuwa karibu na kuvunjika kuliko siku yoyote ya mabomu. Bomu lilipotupwa katika nyumba ya King tarehe 30 Januari, na jingine kwa Nixon siku mbili baadaye, watu walishikamana zaidi. Lakini mtu akishuku kwamba senti yake ya jasho imeliwa, hutembea kwa miguu kwa ajili ya nani?

Iko hazina nyingine ambayo haikufuata kanuni zetu hata kidogo. Mama mmoja mpishi, Georgia Gilmore, aliwakusanya wenzake wakapika kuku, keki na mikate ya matunda, wakaviuza katika nyumba, katika saluni na mitaani, kwa weusi na kwa wazungu pia, na fedha wakazipeleka mkutanoni. Alipoulizwa zimetoka wapi, alijibu kwamba zimetoka pasipo mahali. Kikundi chao kikaitwa Klabu ya Pasipo Mahali. Wanawake wale walifanya kazi katika majumba ya watu ambao wangaliwafukuza siku hiyo hiyo kama majina yao yangaliandikwa. Gilmore mwenyewe alitoa ushahidi kortini mwezi Machi 1956, akapoteza kazi yake. Akaendelea kupika nyumbani kwake. Kanuni yetu ya hazina yasema kila senti iwe na risiti na jina la mtoaji, nasi tutaendelea kuishika. Lakini tukisoma habari za mama huyu tunakiri kwamba palikuwa na mahali ambapo uaminifu wa mtu aliyejulikana na wote ulikuwa ndio risiti.

Mwezi Februari 1956 ilitolewa kabatini sheria ya mwaka 1921 iliyokataza migomo ya namna hiyo, wakashtakiwa viongozi na wafuasi wapatao 90 kwa mkupuo. Wao hawakungoja kukamatwa. Walivaa nguo za kanisani, wakaenda wenyewe kwa polisi, wengine wakiuliza kwa nini majina yao hayamo katika orodha. King alihukumiwa peke yake, faini dola 500 na gharama dola 500.

Wakati huo wakili kijana, Fred Gray, alikuwa amekwisha kufungua kesi nyingine katika korti ya serikali kuu, tarehe 1 Februari, ya kuipinga sheria yenyewe ya ubaguzi katika mabasi. Walalamikaji waliobaki hadi mwisho walikuwa wanne, wote wanawake: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith, na yule msichana Claudette Colvin. Yule aliyeonekana hafai mwezi Machi 1955 ndiye aliyepanda kizimbani mwezi Mei 1956 akaulizwa maswali na mawakili wa mji, akajibu. Tarehe 5 Juni majaji wawili kati ya watatu walikata shauri kwa upande wao, na tarehe 13 Novemba Mahakama Kuu ya nchi ikaithibitisha hukumu.

Lakini siku ile ile ya 13 Novemba korti ya jimbo ilikuwa ikisikiliza ombi la mji la kuyapiga marufuku magari ya kugawana, nayo ikakubali. Watu wakawa wameshinda, na magari hawana. Hati ya Mahakama Kuu haikufika mpaka tarehe 20 Desemba, na muda huo wote, zaidi ya wiki tano, walitembea, au wakasaidiana jirani kwa jirani. Hawakupanda mabasi. Asubuhi ya tarehe 21 Desemba 1956 ndipo walipopanda, wakaketi walipopenda.

Wanachama wasidhani kwamba yaliishia hapo kwa amani. Mabasi yalipigwa risasi, na tarehe 10 Januari 1957 makanisa manne yalitupiwa mabomu usiku mmoja, pamoja na nyumba za wachungaji Abernathy na Graetz. Rosa Parks alikuwa amepoteza kazi yake tangu Januari 1956, na mwaka 1957 alihamia Detroit kutafuta riziki. Bwana Nixon, aliyekuwa mweka hazina, alijiuzulu mwaka huo huo kwa uchungu, akiona kwamba mtu asiye na elimu ya chuo hutumiwa kisha akawekwa kando. Jo Ann Robinson aliondoka chuoni mwaka 1960, na habari za usiku wa karatasi alizieleza kwa ukamilifu katika kitabu chake cha mwaka 1987.

Na Claudette Colvin: korti ya watoto ya Montgomery ilikuwa imemweka chini ya uangalizi mwaka 1955, na hakuna mtu aliyemwandikia kwamba uangalizi ule umekwisha. Alihamia New York, akafanya kazi miaka mingi ya kuwauguza wazee. Jalada lake lilibaki kabatini hadi mwaka 2021. Mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 82, aliomba lifutwe, na jaji wa korti ile ile, mtu mweusi, akatia sahihi.